Kiapo Kinapoishia Kaburini

Katika harusi za kanisani kuna dakika chache ambazo karibu hakuna anayezitazama. Wawili wameshaulizwa na kujibu, pete zimevishwa, vigelegele vimelia. Padri anawaita mezani pamoja na wasimamizi wao, kwaya inashika wimbo, na hapo watu wanapumua: kina mama wanajifunga upya vitenge, watoto wanatoka nje, mpiga picha anabadilisha betri. Pale mezani pana vitabu viwili. Kimoja ni kitabu cha ndoa cha parokia. Cha pili ni cha vyeti vya Serikali, vile vinavyotoka RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Bwana harusi anatia sahihi, bibi harusi anafuata, kisha mashahidi wawili, na mwisho padri, ambaye kwa leseni aliyopewa anasimama pale kwa niaba ya Kanisa na ya Serikali kwa wakati mmoja.

Mimi ndiye ninayeviandaa vitabu hivyo. Ni katibu wa parokia moja wilayani Muleba, na katika kazi hii swali moja hunijia kwa sura nyingi: kama Mungu ameshawaunganisha mbele ya altare, Serikali inaongeza nini? Wapo wanaoliuliza kwa kuwa wana haraka ya kwenda ukumbini. Wapo wanaoliuliza kwa imani kabisa, na hao ndio ninaotaka kuwajibu.

Baba mkwe wangu, sasa marehemu, alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri upande wa Kamachumu, mlokole wa ule uamsho ulioingia Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwake kusema kweli lilikuwa jambo la kufa na kupona. Walokole walisimama hadharani wakaungama wizi wa debe la kahawa walioufanya miaka ishirini nyuma, wakarudisha debe. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba ahadi ya ndoa inahitaji karatasi ya bomani, anasikia kwamba umeishuku ahadi yenyewe. "Ndiyo yangu ni ndiyo," alikuwa akisema. "Anayetaka muhuri juu yake ana shaka na mwenzake, au ana shaka na Mungu." Mimi ni Mkatoliki, mume wangu Mlutheri, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, ambako familia moja ina ndugu waliolelewa na misheni ya Kashozi, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1892, na wengine waliolelewa na hospitali na shule za Ndolage. Kwa hiyo swali hili nimelila mezani, nimelilalia na kuamka nalo.

Nianze na upande wangu. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ndoa haifanywi na padri. Inafanywa na ridhaa ya wawili wenyewe. Wao ndio wanaopeana sakramenti, na padri ni shahidi aliyetumwa na Kanisa. Mafundisho haya ni ya zamani sana, na kwa karne nyingi yalichukuliwa neno kwa neno: kijana na binti wakiahidiana uchochoroni bila mtu kuwasikia, walikuwa mume na mke kweli. Matokeo yake yalijaza mahakama za maaskofu wa Ulaya. Mwanamume anamwahidi binti kwa siri, anaishi naye, anamzalisha, kisha anamwoa mwingine kanisani kwa ngoma na tarumbeta. Wa kwanza analia kwamba yeye ndiye mke. Mbele za Mungu anasema kweli. Mbele za watu hana hata kipande cha ushahidi.

Tarehe 11 Novemba 1563, Mtaguso wa Trento ukaamua kwamba ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wasiopungua wawili, itangazwe kwanza, na paroko aiandike kitabuni. Maaskofu wale hawakuwa wamepungukiwa imani katika kiapo. Waliona kwamba kiapo cha kweli kabisa kinaweza kutumika kumwangamiza mtu aliyekiamini, kama hakuna mwingine anayeweza kukishuhudia. Kitabu cha ndoa ninachokifuta vumbi leo kilizaliwa kwa ajili ya wanawake wale. Ninapomsikia Mkatoliki akisema kwamba uandikishaji ni mambo ya dunia, ningependa ajue kwamba sisi ndio tuliokaa Trento tukaudai.

Upande wa Walutheri jibu ni fupi zaidi, na lilimsumbua baba mkwe nilipomwonyesha. Luther mwenyewe, katika kijitabu chake cha ibada ya ndoa cha mwaka 1529, aliiita ndoa jambo la kidunia, akaacha taratibu zake kwa kila nchi na watawala wake. Kazi ya mchungaji kwake ni kuombea na kubariki wale wanaokuja kuomba. Baba mkwe alinyamaza kidogo, akasema kwamba Luther hakuwa Mhaya. Neno hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko alivyodhani, kwa sababu lina ukweli mzito ndani yake.

Kwa Wahaya ahadi haikuwahi kuwa ya wawili peke yao. Ukoo ulikuwa shahidi. Mahari ilihesabiwa mbele ya wazee, pombe ya ndizi ikanywewa, kahawa ya kutafuna ikapitishwa, na kila aliyeila alibeba kumbukumbu ya siku hiyo mwilini mwake. Katika undugu wa damu, omukago, punje mbili zilizotoka katika tunda moja la kahawa zilipakwa damu, kila mmoja akala ya mwenzake. Askofu Josiah Kibira, aliyeongoza Walutheri wa Bukoba na baadaye kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, aliuchunguza uzito wa damu na ukoo katika kitabu chake kuhusu Kanisa na ukoo, kilichotoka mwaka 1974. Aliona kwamba Mhaya aliyebatizwa haingii kanisani akiwa mtupu. Anaingia na ukoo wake wote nyuma yake. Kwa hiyo hata mababu zetu hawakuacha ahadi ielee hewani. Waliiweka mahali, wakaikabidhi kwa watu.

Shida ni kwamba shahidi huyo, yaani ukoo, siku mume anapokufa anageuka kuwa mdai. Shemeji aliyekula kahawa ya harusi yako ndiye anayetaka kibanja. Anakumbuka kila kitu, ila kukumbuka kunamgharimu ekari mbili za migomba. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 hazikumsaidia mwanamke: mjane hakupewa fungu la urithi, aliambiwa kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, na binti aliyerithi ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia tu, asiiuze. Kanuni hiyo ya pili ndiyo iliyoleta shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililoanzia katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, hapa hapa Muleba. Holaria alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo alitaka mauzo yafutwe kwa sababu muuzaji ni mwanamke. Kashasha wakamkubalia ndugu. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa haki Holaria. Na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akatamka kwamba Katiba haivumilii ubaguzi huo. Nalitaja kwa sababu lilianzia kwetu, na kwa sababu lilisimama juu ya karatasi. Kama mzee yule angesema tu kwa mdomo, mbele ya wanawe na migomba yake, kwamba shamba ni la binti, sijui leo tungekuwa na cha kusimulia.

Sasa nirudi kwenye ndoa, na kwenye jambo lililonibadilisha fikra.

Kiapo cha ndoa kinasema mpaka kifo. Kanisa linamaanisha hivyo hasa: siku mmoja anapofariki, kifungo kimekwisha. Bwana mwenyewe alipoulizwa na Masadukayo juu ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, aliwajibu kwamba katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi. Mjane kwa Mungu yu huru. Lakini maswali yote ambayo dunia inamuuliza mwanamke kuhusu ndoa yake yanaanza saa ile ile Kanisa linapomwambia kwamba ndoa imekwisha. Nani msimamizi wa mirathi? Nani analala katika nyumba? Mafao ya mfuko wa pensheni yanalipwa kwa nani? Kahawa iliyo mtini ni ya nani? Padri anaweza kuja kuzika, kufariji, kusema misa ya arobaini. Sakramenti imeshamaliza kazi yake na imeimaliza vema. Inayobaki kusema ni ile sahihi iliyotiwa wakati kwaya inaimba. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kiapo kinatosha, namuuliza: kinatosha mpaka siku gani?

Mama mmoja wa kigango cha mbali alikuja ofisini msimu wa mvua, amepakiwa bodaboda, matope mpaka magotini. Mumewe alikuwa amefia Mwanza alikokuwa akifanya biashara ya samaki. Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao, na hapo akajitokeza mwanamke mwingine mwenye cheti cha Serikali, ndoa ya bomani ya mwaka 1998. Huyu wa kwetu alikuwa na kadi yake ya ubatizo tu, yenye nafasi ya ndoa iliyojazwa kwa kalamu ya wino uliofifia: mwaka 1976, wakati mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Akaifungua kutoka kwenye pindo la khanga akasema, "Mwanangu, nitafute humo."

Kitabu cha miaka ile ni kikubwa, jalada lake jeusi limegeuka kahawia, mgongo umebandikwa gundi ya karatasi. Vichwa vya safu ni vya Kilatini. Nilipitisha kidole mwaka kwa mwaka mpaka nikamwona: jina lake, jina la mumewe, majina ya mashahidi, kigango, na chini yake alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau, maana hakujua kuandika. Katikati ya alama kulikuwa na mstari mweupe wa mshazari. Alipoiona aliweka dole gumba lake pembeni ya ile alama. Kovu la kisu cha kumenyea ndizi, alilolipata akiwa msichana, lilipita mahali pale pale. Akaniambia, "Huyu ni mimi," kwa sauti ya mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

Nakala ya cheti iliyopaswa kwenda kwa msajili haikuonekana. Hakuna aliyeweza kusema kama iliwahi kutumwa. Parokia iliyofungisha ndoa haikuwa na barua ya kuipeleka, na ofisi ya wilaya haikuwa na kumbukumbu ya kuipokea. Mahakamani ilibidi kitabu chenyewe kipelekwe, na shahidi mmoja aliyekuwa hai bado, mzee asiyeona vizuri, aletwe kuapa. Shauri lilichukua muda ambao watu wengine walichuma kahawa yake misimu miwili. Mwishoni alitambuliwa kuwa ndiye mke, na ndoa ya Mwanza ikaonekana batili, kwa sababu mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja hawezi kuoa mwingine.

Watu walimpongeza. Mimi nilimwangalia yule wa Mwanza. Alikuwa mama wa makamo, amevaa nguo za msiba, na kwa miaka yote ile aliamini kwamba yeye ni mke wa mtu. Mwanamume alikwenda bomani akajiandikisha kuwa hajaoa. Sheria inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi aseme. Lakini tangazo la Mwanza halisomwi na mtu wa Muleba. Ndoa ya 1976 ingekuwa imefika katika daftari la msajili, pangekuwa na mahali pa kuulizia, na pengine mwanamke yule angeokolewa kabla ya kuingia. Nilipofika hapo ndipo nilipoona kwamba kuandikisha ndoa si kujilinda wewe peke yako. Ni kumtendea haki mtu usiyemjua, ambaye mume wako anaweza kumdanganya kesho. Injili inaagiza upendo kwa jirani. Sijui jirani aliye mbali na moyo wa mke kuliko mwanamke huyo, na agizo halikumtoa.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wengine husema: nikiandikisha, naipa Serikali mamlaka juu ya kitu ambacho Mungu amekifunga; mahakama yake inatoa talaka, na Kanisa halina talaka. Ni kweli Sheria ya Ndoa, namba 5 ya mwaka 1971, inaruhusu mahakama kuvunja ndoa iliyoharibika kiasi cha kutorekebishika. Lakini kutokuandikisha hakukutoi katika mikono ya sheria hiyo. Inasema wazi kwamba ndoa iliyofuata masharti yake mengine ni halali hata kama haikuandikishwa. Na wawili walioishi pamoja miaka miwili au zaidi kwa sifa ya mume na mke, mahakama inaweza kuwadhania kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria haijidai kwamba muhuri ndio unaofanya ndoa. Kwenye hilo inakubaliana na Trento kwamba ni ridhaa. Ukikwepa kitabu, unachokikimbia ni ushahidi. Mamlaka yanabaki pale pale.

Nitasema na la pili, kwa uchungu kidogo. Katika wanaokwepa, wanaume ni wengi kuliko wanawake, na si wote wanaokwepa kwa ajili ya Mungu. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili ni Wakristo. Mwanamume anayejua hilo na anayepoteza kwa makusudi nakala ya cheti amejiwekea akiba. Asilifunike hilo kwa Biblia.

Sisi wa Kagera tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na miaka iliyofuata tulizika wanaume vijana wiki baada ya wiki. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wetu. Wajane wa miaka hiyo walifukuzwa katika vibanja wakiambiwa kwamba hawakuolewa, walikuwa wakiishi kinyumba tu, na baadhi yao walikuwa wameimbiwa misa ya ndoa. Cheti hakimalizi kila dhuluma. Mila ikitumika, mjane aliyeandikishwa naye anaweza kunyimwa. Lakini pale mahakama inaporidhika kwamba marehemu aliishi Kikristo, inaweza kutumia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inafanya kazi nchini, na humo mjane mwenye watoto ana theluthi moja. Ili afike kwenye theluthi hiyo lazima kwanza awe mke, na awe mke kwa maandishi.

Baba mkwe hakuwahi kuniambia kwamba nimemshinda. Siku moja, baada ya kifo cha mdogo wake, alikaa ugenini wiki nzima akimsaidia shemeji yake kutafuta cheti. Aliporudi alimwita mume wangu akamuuliza cha kwetu kiko wapi. Akataka kukiona. Alikisoma mstari kwa mstari, akauliza kwa nini jina la ukoo wake limeandikwa vibaya herufi moja, akatuagiza tukarekebishe. Tulikwenda.

Siku hizi wasiwasi wangu uko kwa makundi mawili. La kwanza ni wale wanaobarikiwa ndoa kwa pamoja, jozi nyingi siku moja, baada ya kuishi miaka na watoto wao: Walutheri wanaorudi kundini, na kwetu wanaotabaruku ndoa. Furaha huwa kubwa na fomu huwa nyingi, na mara nyingine vyeti vya Serikali vinaahidiwa wiki ijayo, na wiki ijayo haiji. La pili ni wanaofungishwa ndoa katika huduma ndogo ndogo ambazo mchungaji wake hana leseni. Sheria inawahurumia kama hawakujua. Hata hivyo hakuna kitabu kilichoandikwa, na siku ya kesi watabaki na video ya harusi. Hawa sina uwezo nao zaidi ya kuwaambia waulize kabla: leseni iko wapi, kitabu kiko wapi, nakala inakwenda lini.

Kwa wa kwetu nina njia. Mwaka huu nilimwomba paroko kwamba, kama tunavyotangaza majina ya wachumba Jumapili tatu mfululizo kabla ya ndoa, tuyatangaze pia baada ya ndoa majina ya wale ambao hawajaja kuchukua cheti chao, na tarehe ambayo nakala zetu zilipokelewa kwa msajili. Alisita, akihofia kwamba watu wataona aibu. Wawili walikuja kulalamika kweli, wote wanaume. Tunaendelea kusoma majina, tumemaliza ya mwaka jana na tumeanza ya mwaka juzi.